Kitufe cha kipanya kimenasa: kagua plastiki kabla ya kununua swichi

Kitufe cha kipanya kikinasa, usikimbilie kununua kipanya kipya wala swichi mpya. Mara nyingi swichi ni nzima. Kilichonasa ni plastiki iliyo juu yake, na hiyo husafishwa kwa pamba na alkoholi bila kuchomelea chochote. Kazi ya kwanza ni kujua ugonjwa uko juu au uko chini.

Bonyeza kitufe polepole huku unasikiliza. Kikishuka kikabaki chini, au kikipanda kwa kujivuta, plastiki ina uchafu au inasuguana. Kikipanda vizuri na mlio wa "tik" ukasikika, lakini kompyuta inafanya kana kwamba bado umekishikilia, au inafungua faili ulilobofya mara moja tu, tatizo liko ndani ya swichi au kuna unyevu kwenye bodi. Kikishuka bila mlio wowote, ama kidole cha plastiki kilicho chini ya kitufe hakiifikii swichi, ama swichi imekufa.

Chomeka kipanya kwenye kompyuta nyingine kabla ya kukifungua. Kwenye Windows angalia pia mipangilio ya kipanya: kuna chaguo linaloitwa ClickLock. Likiwashwa, ukishikilia kitufe kwa muda kidogo kinajifunga na kubaki hivyo hata ukiachia, na dalili zake zinafanana kabisa na za swichi mbovu. Lizime, kisha ujaribu tena.

Kufungua bila kuvunja

Andaa bisibisi ndogo ya nyota, PH0 au PH00, kadi ya plastiki isiyotumika, pamba za masikio, mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mafundi simu husafishia bodi kwa hiyo hiyo, kwa hiyo anza kuitafuta kwenye maduka ya vifaa vyao. Spiriti ya duka la dawa isomee kibandiko kwanza, kwa sababu baadhi huongezwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yakibaki kwenye swichi utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Chomoa waya, au toa betri kama kipanya hakina waya. Skrubu hufichwa chini ya vile vipande laini ambavyo kipanya hutelezea, na pia chini ya kibandiko chenye maandishi. Pitisha ukucha juu ya kibandiko ukibonyeza; panapobonyea pana tundu. Vipande vya kutelezea vipashe joto kwa draya ya nywele nusu dakika, halafu uviinue kuanzia pembeni ili visikunjike.

Skrubu zikishatoka, inua upande wa nyuma kwanza, kwa kuwa mbele huwa kuna ndoano za plastiki. Ikigoma, usilazimishe: kuna skrubu hujaiona. Na ikikubali, inua sentimita mbili tu uchungulie, maana baadhi ya vipanya vina utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha kifuniko na bodi ya chini. Ukivuta kwa nguvu, utepe unachanika.

Sasa fanya jaribio linaloamua kila kitu. Weka bodi juu ya karatasi kavu au ubao, pasipo chuma chochote, uchomeke tena kwenye kompyuta. Umeme wa USB ni volti 5, hauna madhara kwako. Kwa kijiti cha meno bonyeza kinundu cha swichi moja kwa moja. Kikifanya kazi sawasawa mara ishirini mfululizo, swichi ni nzima na ugonjwa uko kwenye kifuniko. Chomoa, urudi kwenye plastiki.

Plastiki ikinasa

Geuza kifuniko uangalie kingo za kitufe na ule mwanya kati ya kitufe cha kushoto na cha kulia. Utaona utando mweusi wa jasho, mafuta ya ngozi na vumbi. Soda au chai yenye sukari huacha gundi ya kahawia inayong'aa. Kifuniko ambacho hakina sehemu yoyote ya umeme kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukisugua mwanya kwa mswaki, kisha kikauke kabisa. Chenye taa au bodi ndogo kifute tu kwa pamba yenye alkoholi. Karatasi ya kuandikia inapaswa kupita kwenye mwanya bila kukwaruza. Ikikwama mahali, pana ukingo uliovimba: ulainishe kwa msasa namba 600, pole pole, huku unapima.

Usipake mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando wala dawa ya kulegeza kutu. Kitufe kitalainika kwa siku chache, kisha vumbi lote litashika hapo hapo.

Angalia pia kidole cha plastiki kinachogusa kinundu. Kikilika na kufanya shimo, kitufe hushuka bila kuifikia swichi. Bandika kipande kimoja cha selotepu hapo, ujaribu. Ukizidisha tabaka, kidole kitaikandamiza swichi muda wote na kitufe kitaonekana kimenasa upya. Hali hiyo hutokea pia ndoano za mbele zisipokaa, au skrubu ikikazwa kupita kiasi hadi kifuniko kikapinda.

Swichi ikiwa ndiyo mbovu

Anza na njia nyepesi. Kipanya kikiwa hakina umeme, dondosha tone moja au mawili ya alkoholi kando ya kinundu, kibonyeze kama mara hamsini, uache kikauke kwa nusu saa. Uchafu na kutu nyepesi huondoka, na huko pwani kwenye hewa ya chumvi na unyevu njia hii inafaa kujaribiwa mapema. Swichi iliyochakaa kwa kutumika itapona kwa muda tu.

Ndani ya swichi kuna ulimi mwembamba wa shaba unaoruka kutoka mguso mmoja kwenda mwingine. Huo ndio unaotoa "tik". Unaweza kuufikia kwa kuinua kasha la juu kwa ncha ya wembe, ila fanya hivyo juu ya kitambaa cheupe kwa sababu kinundu ni kidogo na hudondoka. Safisha mguso kwa kuvuta katikati yake kipande cha karatasi kilicholowa alkoholi. Msasa hapana, unaondoa tabaka la juu la madini. Ulimi ukichomoka kwenye nafasi yake, kuurudisha kunahitaji kibano, macho mazuri na subira, na kwa wengi kubadilisha swichi ni rahisi zaidi.

Swichi ya kawaida ina miguu mitatu na kasha la milimita 12.8 kwa 5.8, kimo 6.5. Vipanya vya bei nafuu hutumia swichi za mraba za milimita 6 kwa 6, na hizo pima kimo pamoja na kinundu, kwani zipo za vimo vingi. Kama huna ya kununua, swichi ya kitufe cha kulia mara nyingi ni ya aina ile ile na imetumika kidogo. Zibadilishane nafasi.

Kwenye kuchomoa swichi, ongeza kwanza risasi mpya (ule waya laini wa kuchomelea) juu ya ile ya kiwandani. Risasi ya kiwandani kwa kawaida haina madini ya risasi (plumbi) na huyeyuka karibu na nyuzi 217 za Selsiasi, wakati ile ya mafundi ya 63/37 (asilimia 63 bati, 37 plumbi) huyeyuka nyuzi 183; zikichanganyika zinalegea mapema. Kifaa cha kuchomelea kiwe nyuzi 350 hivi, na usikae kwenye mguu mmoja zaidi ya sekunde nne, la sivyo njia ya shaba inabanduka kwenye bodi. Kabla ya kutoa swichi, piga picha kuona kinundu kiko upande gani, kwa sababu hakikai katikati. Mpya ilale bapa kabisa. Ikiinama, kidole cha plastiki hakitaipata vizuri.

Ukifunga, hakikisha waya umelala kwenye mfereji wake na haujabanwa kati ya vifuniko. Jaribu vitufe vyote na gurudumu kwanza, ndipo ubandike vile vipande vya kutelezea. Vikipoteza gundi, tumia selotepu nyembamba ya pande mbili, kwani ile nene ya sponji huinua kipanya na taa yake haitausoma uso wa meza vizuri.