Kutayarisha chumba cha maonyesho katika nyumba ya mawe ya pwani: namna ya kuchagua vifaa

Anayekabidhiwa nyumba ya kale ya mawe, iwe Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja au Bagamoyo, ili aigeuze kuwa makumbusho madogo ya mtaa, kwa kawaida huanza na orodha ya vitu vya kununua. Ningemshauri aanze kwa kuorodhesha vilivyomo. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ya boriti, madirisha yanayotazamana na vidaka vya ukutani ni mali ambayo kuni za kuchomea chokaa yake zilikwisha kuchomwa na miti yake ilikwisha kukatwa zamani, na kila kitakachoendelea kutumika kinatuondolea haja ya kuchoma na kukata upya. Vidaka, au zidaka kama Waamu wanavyoziita, vilikuwa tangu awali mahali pa kupangia vyombo vya kaure ili wageni wavione. Ukiweka kioo mbele ya kidaka kikavu, umepata kabati la kuonyeshea vyungu na sahani bila kununua ubao hata mmoja.

Kwa kila kifaa kipya jiulize mambo matatu kabla ya bei: kimetoka wapi, kitakifanya nini kile kitakachogusana nacho, na siku kitakapoondolewa kitakwenda wapi. Swali la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, nami nililisahau pia.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, si ya maonyesho. Paa, mifereji na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaguliwe na mhandisi kabla msumari wowote haujapigwa. Beit-al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883 lililokuja kuwa makumbusho, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na sisi tunaofanya kazi katika majengo ya namna hii hatupaswi kuisahau siku ile.

Baada ya paa huja ukuta. Niliwahi kupewa chumba ambacho kilikuwa kimekwisha kupigwa plasta ya saruji, nyororo na iliyonyooka, tukaipaka rangi na kutundika picha. Baada ya masika mawili plasta ilianza kutoa mlio wa uwazi kila ulipoigonga kwa kifundo cha kidole. Tulipoibandua ilitoka kipande kizima kama gamba, na nyuma yake tumbawe lilikuwa limegeuka unga wenye chumvi, laini kiasi cha kuchoteka kwa kijiko. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Saruji ikiuziba, maji hutafuta njia nyingine, nayo chumvi hubaki nyuma ya plasta, hugeuka fuwele na kulisaga jiwe. Kwa hiyo kwenye ukuta wa aina hii tumia chokaa kuanzia udongo wa kujengea hadi rangi ya juu.

Chokaa ina faida nyingine. Saruji huchomwa katika joto la nyuzi 1450 hivi za Selsiasi, ilhali chokaa huiva kwenye nyuzi 900 hivi, na ikishapakwa ukutani hunyonya tena sehemu ya hewa ya kaboni iliyoitoa ilipochomwa, huku ikirudi polepole kuwa jiwe. Lakini tusijidanganye: tanuri la kienyeji, lile rundo la magogo lililopangwa duara na kujazwa mawe juu yake, hula kuni nyingi sana. Muulize muuzaji anachoma kuni gani na mawe gani. Mvinje wa kupandwa na minazi iliyozeeka ni afadhali kuliko mikoko, na mawe yawe ya kuchimbwa nchi kavu au ya magofu. Matumbawe yaliyovunjwa baharini yangali hai yasikubaliwe kwa bei yoyote, kwa kuwa ndiyo makazi ya samaki.

Chokaa izimwe shimoni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na wanaoizima wakinge macho na ngozi, maana huchemka kwa nguvu na kuunguza. Iache chini ya maji kwa wiki kadhaa, na ikiwezekana miezi, mpaka iwe laini kama siagi. Changanya sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga wa shimo au wa mto. Waashi wazee huuonja mchanga kwa ncha ya ulimi, na ukiwa na ladha ya chumvi huukataa. Utajua pia kama una udongo mwingi kwa kuutia katika chupa ya maji, kuitikisa na kuangalia tabaka litakalotua juu. Piga tabaka nyembamba, zisizozidi milimita 10 hivi, na kila moja itundikiwe magunia ya katani yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa inayokaushwa haraka na jua au upepo wa kaskazi hupasuka na kupukutika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mwenye nyumba ana haraka ya kufungua, na fundi hana wa kumtetea. Wakati wa kukauka uandikwe katika mkataba.

Sisemi kwamba saruji haina mahali pake. Ukiongeza chumba kipya cha stoo au cha choo nyuma ya nyumba, matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, hayahitaji kuchomwa, na ni afadhali kuliko tofali la kuchoma linalomaliza msitu wa jirani.

Boriti za mikoko zinazohitaji kubadilishwa zinunuliwe kwa mwenye kibali, na kwa ukubwa unaohitajika tu, kwani fito, pau, mazio, boriti na nguzo zina unene wake na kazi zake. Kabla ya hapo tafuta katika nyumba zilizobomolewa. Boriti nzima hulia kwa sauti kavu ukiigonga, iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya uwazi. Kwa mbao za makabati ulizia cheti cha msitu. Vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilwa vinavyotunza misitu yao vilianza kupata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la kuthibitisha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, kwa hiyo ombi hilo si la ajabu.

Sasa kabati lenyewe. Katika onyesho moja la uvuvi tuliweka chubwi, yaani vizito vya kuvulia vya madini ya risasi, ndani ya kabati jipya la plaiwudi lililofungwa vizuri kuzuia vumbi. Baada ya miezi michache chubwi zilikuwa zimevaa unga mweupe. Mbao mbichi, plaiwudi na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) hutoa mvuke wa asidi, na kadiri kabati linavyofungwa vyema ndivyo mvuke unavyokosa pa kwenda na kuila risasi. Bangili za fedha nazo huwa nyeusi zikilazwa juu ya kitambaa cha sufu, yaani cha manyoya ya kondoo, kwa sababu sufu hutoa salfa. Kifaa kinaweza kuwa cha asili na kingali sumu kwa kinachokaa nacho.

Kwa vitu vya madini, chagua kioo na chuma kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa kiwandani. Sehemu ya kulazia itandikwe kitambaa cha pamba, na marekani isiyopaushwa inatosha kabisa, mradi ifuliwe kwa maji ya moto mara mbili bila sabuni yenye manukato, ili wanga unaowavuta wadudu utoke. Rangi ya maji ikitumika ndani ya kabati, liache wazi wiki 4 kabla ya kuingiza kitu. Ukiwa na shaka na kifaa, kuna jaribio lililobuniwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973: kipande cha kifaa hufungiwa katika chupa ya kioo pamoja na maji kidogo na vipande safi vya fedha, shaba na risasi, katika nyuzi 60 kwa siku 28, kando ya chupa nyingine isiyo na kifaa; madini yakichakaa kuliko yale ya chupa hiyo ya pili, kifaa hakifai. Shule yenye maabara inaweza kulifanya kwa gharama ndogo.

Mwanga uwe wa balbu za LED, na kwa khanga, kofia na hati za wino usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu), kwa kuwa madhara yake hujumlishwa siku hadi siku na hayarudi nyuma. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huupandisha na kuushusha unyevu kila siku, jambo ambalo mbao na karatasi hulivumilia kwa shida kuliko joto la kawaida. Fungua madirisha yanayotazamana, ongeza feni, na vitu vichache vilivyo dhaifu sana vipe kabati lao.

Maelezo ya ukutani yaandikwe na mchoraji wa mabango juu ya chokaa, au yachapwe kwenye kitambaa cha pamba, badala ya yale mabango ya plastiki ya PVC ambayo hutupwa kila onyesho linapokwisha. Stendi zifungwe kwa skrubu na bolti, bila gundi, na zikatwe kwa vipimo vinavyogawanya karatasi ya ubao ya futi 8 kwa 4 bila kubakiza vipande. Kila kiungo kipewe namba upande wa chini, na daftari litundikwe nyuma ya mlango likionyesha mchanga ulitoka wapi, chokaa ilizimwa lini, rangi ni ipi na fundi alikuwa nani, ili atakayefumua stendi au kuziba ufa miaka 20 baadaye ajue aanzie wapi.