Kufua Pete ya Fedha kwa Mkono

Wanaume wengi wa Zanzibar wasiovaa dhahabu kwa kuheshimu dini huvaa pete ya fedha, na pete ya namna hiyo, isiyo na jiwe wala nakshi, ndiyo kazi inayomfaa anayejifunza usonara, kwa kuwa hutumia fedha isiyozidi gramu 4.

Fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku. Tafuta bamba la fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, zilizobaki kwa kawaida zikiwa shaba. Masonara wa zamani waliyeyusha riale za Maria Theresa, zilizoandikwa mwaka 1780 hata zilipopigwa miaka mingi baadaye, ambazo fedha yake ni 833 tu. Kuyeyusha kikuku au kipini cha bibi sikushauri hata kidogo. Ubora wa fedha yake hujui, na kitu chenyewe hakirudi.

Pima kidole wakati wa joto, kinapokuwa kimejaa, kisha jumlisha kipenyo cha ndani na unene wa bamba, uzidishe kwa 3.14. Kwa kipenyo cha milimita 18 na bamba la milimita 1.5, urefu wa kukata ni milimita 61 na kidogo. Upana wa milimita 4 unatosha.

Fedha inayopigwa nyundo hukakamaa na mwishowe hupasuka, kwa hiyo ilainishe kwanza kwa moto. Fanya hivyo penye kivuli, kwani juani wekundu wa fedha hauonekani, na fedha ya 925 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Ikishaiva wekundu hafifu, ondoa moto, ngoja wekundu upotee, ndipo uitumbukize majini. Ikunje kwenye bomba la chuma kwa nyundo ya mti, kwa sababu nyundo ya chuma huacha alama, na ukihisi inagoma, irudishe motoni badala ya kuongeza nguvu.

Pete hufa au hupona kwenye maungio. Piga ncha zote mbili tupa mpaka zikutane sawasawa, kisha inua pete kwenye mwanga: ukiona mwanga ukipenya, rudia, maana lehemu hupita penye mbano na haizibi pengo. Paka uji wa boraksi (unga unaosaidia lehemu kutiririka), weka vipande vidogo vya lehemu ya fedha isiyo na kadimi, metali ambayo mvuke wake ni sumu, na ufanyie kazi penye upepo, mikono ya kanzu ikiwa imekunjwa. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote, hivyo ukielekeza moto kwenye maungio peke yake joto hukimbilia upande wa pili. Zungusha moto pete nzima, umalizie kwenye maungio, na lehemu itafuata joto yenyewe. Ikishang'aa kama maji, ondoa moto papo hapo.

Pete itatoka nyeusi. Ichemshe katika maji ya ndimu na chumvi, ukiitoa kwa kijiti au koleo la shaba, kwani koleo la chuma likiingia humo huirudishia pete shaba iliyoyeyuka na kuifanya nyekundu. Ondoa lehemu iliyozidi kwa tupa, rudisha pete kwenye bomba uiviringishe vizuri, kisha piga msasa kuanzia wenye chembe kubwa hadi laini, ukizingatia zaidi kingo za ndani, ambazo zikiachwa kali huchubua kidole. Umalizie kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia. Vibanda vya vifaa vya Darajani, mjini Zanzibar, kwa kawaida huwa na msasa na tupa.

Hewa ya bahari na jasho huifanya fedha iwe nyeusi, kwa hiyo isipovaliwa ikaushwe na kufungwa katika kitambaa cha pamba, mbali na mpira wa kufungia vitu, ambao una salfa.