Jinsi ya Kuwasilisha Petisheni katika Bunge la Ulaya

Mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya, Tanzania au Kongo, ana haki ya kuliandikia Bunge la Ulaya petisheni, yaani ombi au lalamiko rasmi linalochunguzwa na Kamati ya Petisheni. Haki hiyo, iliyomo katika Kifungu cha 227 cha Mkataba wa Utendaji Kazi wa Umoja wa Ulaya, haidai uraia, makazi yanatosha. Aliye London hawezi tena kutumia makazi yake kuidai, kwani Uingereza ilijitoa mwaka 2020.

Kabla ya kushika kalamu, pima iwapo jambo lako linaguswa na sheria za Umoja huo, maana hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme Mkenya ameolewa na Mreno, nao wamehamia Ujerumani kikazi. Sheria ya Umoja ya mwaka 2004 inataka apewe kadi ya ukaazi ndani ya miezi 6 tangu alipoiomba, hivyo akizungushwa mwaka mzima ana hoja. Lakini ikiwa mumewe ni Mjerumani ambaye hajawahi kuishi nchi nyingine ya Umoja, suala hilo kwa kawaida ni la sheria za Ujerumani. Vilevile, Bunge si mahakama ya rufaa na haliwezi kutengua hukumu.

Ukiridhika, fungua akaunti katika tovuti ya petisheni ya Bunge, au tuma barua iliyotiwa saini kwa posta kwenda Brussels. Barua pepe haipokelewi. Taja jina, uraia na anwani yako ya kudumu, kisha eleza mambo kwa mfuatano wa tarehe, haki gani imekiukwa na ofisi zipi umekwisha kuziendea, ukiambatanisha nakala za nyaraka. Andika kwa mojawapo ya lugha 24 rasmi za Umoja. Kiswahili, lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, hakimo. Usipotaka jina lako lichapishwe, omba hivyo tangu mwanzo.

Kamati ikiikubali petisheni, inaweza kuitaka Tume ya Ulaya itoe maelezo, na wakati mwingine humwalika mlalamikaji azungumze. Shughuli hiyo huchukua miezi mingi, na muda wa kukata rufaa katika nchi unakoishi hausimami kuisubiri, kwa hiyo rufaa hiyo iwasilishe sambamba.