Bagi ya umeme ya rimoti: ninavyoichagua mimi, muuza dagaa wa Mwaloni

Kazi yangu ni dagaa. Nipo Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, tangu sijaolewa, na kwa miaka mingi gari nililolijua mimi ni Fuso la kupakia magunia. Haya mambo ya magari ya kuchezea ya rimoti niliingizwa na kijana wangu wa pili. Yeye sasa yuko chuoni, mimi ndiye niliyebaki na chaji ukutani na bagi mbili chini ya kitanda. Wenzangu walicheka mwanzoni. Siku hizi wananifuata mmoja mmoja: "Mama, mtoto ananisumbua, ninunue ipi?" Nimelijibu swali hilo mpaka sauti imekauka, basi naliandika.

Anza na ardhi ya kwako. Bagi ni gari la chini, pana, magurudumu yamekaa nje ya bodi, nyuma lina bawa. Umbo hilo linapenda udongo ulioshindiliwa, kokoto ndogo, uwanja wa mpira ambao nyasi zake zimeliwa na mbuzi. Wewe wa Mabatini au Igogo, ambaye mlangoni kwako kuna jiwe kubwa kuliko nyumba na chini yake vijiwe vya ukubwa wa ngumi, bagi itakukera. Tumbo litagonga, itapanda jiwe na kubaki magurudumu yakiwa hewani. Nunua lori la rimoti la matairi makubwa, na hutanichukia. Mwenye uwanja wa shule jirani, au aliyeko Buswelu au Kisesa kwenye viwanja ambavyo bado havijajengwa, huyo bagi ni yake.

Ufukwe ni kesi nyingine. Kila aliyewahi kula dagaa walioanikwa mchangani anajua ule mchanga unavyosagika kwenye meno. Ndiyo maana dagaa wa chanja wana bei yao. Sasa meno ya gia ya plastiki nayo yanausaga mchanga huohuo, ila yenyewe ndiyo yanayokwisha. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofanya nikishika bagi ni kuigeuza. Natafuta gia kubwa inayoshikana na kile kigia kidogo cha mota. Ikiwa imefunikwa na mfuniko wake, naendelea kuangalia. Ikiwa wazi kabisa, namrudishia mwenyewe, hata kama rangi imenipendeza. Magurudumu yawe yanazunguka juu ya beringi za gololi zenye kifuniko pembeni, maana bushi za plastiki kwenye mchanga wetu hulegea mapema na gurudumu likaanza kuyumba kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kuhusu magurudumu mangapi yanasukuma: kwenye mchanga laini, gari linalosukuma kwa nyuma peke yake hujichimbia kaburi. La magurudumu yote manne linajivuta na kutoka, lakini lina difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) mbele na nyuma, mengine na katikati, na kila difu ni kitu kingine cha kuvunjika. Kwa uwanja mgumu mimi sioni ubaya wa la nyuma. Vitu ni vichache, na mtoto anajifunza kulishika linapotupa mkia. Kwa ufukweni chukua la manne.

Ukubwa huandikwa kwa kipimo, yaani gari ni sehemu ya ngapi ya gari la kweli. Bagi ya 1/10 ina urefu wa karibu sentimita 40. Ya 1/8 inakaribia nusu mita na mara nyingi inapita kilo tatu. Kilo tatu zikija kwa mwendo wa bodaboda kwenye muundi wa mtu, huyo mtu atakaa chini. Mtoto wa chini ya miaka kumi mpe ya 1/14, ya 1/16 au ya 1/18, na uulize kama rimoti inaweza kupunguza mwendo hadi nusu. Hilo la kupunguza mwendo limeniokolea pesa nyingi.

Sasa nieleze nilivyoliwa, ili usiliwe. Gari la kwanza nililinunua dukani mjini, jekundu, taa mbele, muziki unalia. Siku ya tatu usukani ukafa. Nikalipeleka kwa fundi simu ninayemwamini, akalifungua, akanionyesha: bodi moja ya umeme imebeba kila kitu, kigia cha usukani hakina hata jino. Akaniambia, "Mama, hili halina kipuri. Hata nikitaka kukusaidia, ninunue nini?" Tangu siku hiyo sinunui gari kabla ya kununua kipuri chake. Maana yangu ni hii: chukua namba ya gari iliyo kwenye boksi, nenda mtandaoni utafute mkono wa chini wa mbele wa gari hilo. Ule mkono ndio unaoshika gurudumu, na kwa mawe ya Mwanza ndio unaovunjika kwanza. Ukiupata unauzwa peke yake, una namba yake, na wauzaji ni zaidi ya mmoja, gari hilo lina maisha. Usipoupata, hicho ni kitu cha kuchezea cha wiki mbili, hata muuzaji akiapa.

Siku unayolipia gari, lipia pia mikono miwili ya mbele, gia kubwa moja, vishafti viwili vya magurudumu na pini za kushikia gamba la juu. Kipuri kinachoagizwa baada ya kuvunjika kinakuja mtoto ameshasahau kama aliwahi kuwa na gari.

Kwenye boksi utaona herufi RTR. Maana yake gari limeshaunganishwa, lina rimoti, mota na usukani, wewe ni kuwasha. Watu wengi hapo ndipo wanapoanguka, kwa sababu nyingi za RTR hazina betri ya gari wala chaji ndani. Soma upande wa boksi wanapoorodhesha vilivyomo. Rimoti nayo mara nyingi inataka betri zake ndogo, za AA. Kwa hesabu yangu ya sokoni, kwenye kila shilingi kumi ulizonazo, gari lisizidi sita au saba. Zinazobaki ni za betri, chaji na vile vipuri.

Mota ziko za aina mbili. Kuna za kaboni, kama zile za drili na grainda, na kuna zisizo na kaboni. Zisizo na kaboni zina nguvu zaidi, zinatumia umeme vizuri, hazina cha kulika ndani zaidi ya beringi. Na bei yake iko juu. Wa kwanza kununua mimi namwambia achukue ya kaboni. Ikiungua, mota mpya ya saizi ya 550 ni bei ndogo na fundi yeyote mwenye pasi ya kulehemu anaiunga. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi usiikimbilie, kwani mara nyingi imepimwa kwa betri kali kuliko uliyopewa, kwenye lami tupu.

Hapa kwenye betri tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba inapoweza kuungua.

Ziko za NiMH: kila seli volti 1.2, seli sita zinakupa 7.2. Ni nzito, zinachoka taratibu, zinavumilia uzembe. Halafu ziko za LiPo: seli moja volti 3.7, mbili 7.4, tatu 11.1. Hizo ni nyepesi na zinatoa nguvu mpaka mwisho, lakini hazisamehe. Seli ikijaa inafika 4.2, hapo isipite. Ikishuka chini ya 3 imeumia. Kati ya betri na mota kuna kiboksi kinachodhibiti mwendo, na kwenye vingi kuna kiungo kidogo cha kuchagua aina ya betri, ili gari lijizime kabla LiPo haijashuka mno. Yetu ilikuwa imewekwa upande wa NiMH, na hakuna aliyeangalia, mimi nikiwemo. Kijana akakimbiza gari mpaka likawa linatambaa. Asubuhi betri imevimba kama andazi. Tukaitoa nje na koleo, tukaiweka kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na magunia. Betri iliyovimba usiitoboe, usiijaribu tena, usiichaji "kidogo tu".

Chaji inunuliwe ile inayosawazisha seli. Betri itakuwa na plagi nyeupe ndogo ya ziada kwa kazi hiyo. Chaji ukiwepo, juu ya sakafu au vigae, kamwe juu ya godoro. Kama hutacheza kwa wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, na chaji nyingi nzuri zina kitufe cha hilo. Wenzangu wa visiwani na wa kambi za wavuvi, ulizeni chaji inayokubali umeme wa volti 12 moja kwa moja, muifunge kwenye betri ya sola. Hata hapa mjini inasaidia umeme ukikatika.

Bora betri mbili za wastani kuliko moja kubwa. Moja inakimbia, nyingine inapumzika, na mota inapata nafasi ya kupoa. Hakikisha plagi zake ni za aina moja na ya gari. Kuna T, kuna XT60, kuna nyingine nyingi, na hazioani.

Kama kuna ndugu anakuja kutoka nje, mwambie mapema kwamba LiPo ya akiba haiwekwi kwenye begi la kupakia chini ya ndege. Anaibeba mkononi, plagi imefunikwa, na isizidi Wh 100 bila ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu yake ni volti mara Ah, yaani ujazo wa betri (mAh 5000 ni Ah 5): 7.4 mara 5 ni 37, basi yumo. Chaji iliyonunuliwa Marekani aigeuze asome nyuma. Ikiandikwa 100–240V ailete. Ikiandikwa 120V peke yake aiache hukohuko, umeme wetu ni 230. Anayeagiza China kupitia wakala wa mizigo aulize habari ya betri kabla ya kulipa, maana gari linaweza kupanda ndege na betri ikaambiwa ngoja meli.

Majina? Nitayataja machache niliyoyaona kwa macho. WLtoys 144001 ni ya 1/14, magurudumu manne yanasukuma, chesisi ya alumini, mota ya 550 ya kaboni, na vipuri vyake ni rahisi kuvipata mtandaoni. Kwa bagi ya kwanza sioni cha kuishinda kwa bei. Traxxas Bandit ya Marekani ni 1/10, inasukuma kwa nyuma, ina ya kaboni na isiyo na kaboni, na kila kipande kina namba. Arrma Typhon zipo ndogo na zipo za 1/8 ambazo si za mtoto. Tamiya ya Japani inajulikana zaidi kwa magari unayoyaunga mwenyewe kipande kwa kipande. Ni raha, lakini siyo RTR.

Ukiwa na gari mkononi, mbele ya muuzaji, fanya hivi. Zungusha kila gurudumu kwa kidole, usikilize. Bonyeza gari chini uliachie: shokapu za mafuta zinarudi polepole, za springi tupu zinaruka kama chura. Shika mikono ya mbele uitikise. Hesabu nyaya za sevo, yaani mota ndogo ya usukani. Zikiwa tatu, utabadilisha na sevo yoyote ya saizi hiyo. Zikiwa tano, umefungwa na mtengenezaji. Uliza kama kipokezi (kinachopokea amri za rimoti) na kidhibiti mwendo ni vipande viwili au bodi moja ya umeme, kwa sababu bodi moja ikifa umenunua vyote. Akikwambia haliingii maji, elewa kwamba ni bodi za umeme na nyaya zilizokingwa. Beringi zinashika kutu hata kwa maji baridi ya ziwa letu, basi likilowa likaushe na utie tone la mafuta siku hiyohiyo. Kwenye shokapu usiweke oili ya injini, inavimbisha mipira.

Mchanga nautoa kwa brashi ya rangi, kisha napita kwa fundi pancha ananipulizia upepo, kwa mbali. Siku ya kwanza washa rimoti kabla ya gari. Ukizima, gari kwanza. Ukikosea, gari linaweza kuondoka peke yake, na kwetu likiondoka linaelekea majini. Baada ya dakika kumi simamisha uguse mota. Kidole kikishindwa kukaa, pumzisha.

Mimi hucheza siku za mbalamwezi kali. Usiku taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inalala nchi kavu, na kesho yake uwanja wa kuanikia unakuwa mtupu mpaka jioni. Anayetaka kujaribu kabla ya kununua anikute hapo, aje na betri zake za rimoti.