Kuacha Ngano kwa Mwenye Siliaki Bila Kuusahau Moyo

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mpwa wangu, aliyegundulika kuwa na siliaki, ugonjwa ambao gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Karibu mwaka mzima tulihangaikia tumbo peke yake, mpaka daktari alipopima lehemu (kolesteroli) katika damu na kukuta imepanda. Baadaye nilisoma kwamba uchambuzi wa takwimu za UK Biobank, hazina ya taarifa za afya za watu waliojitolea, uliochapishwa Uingereza mwaka 2023, uliwakuta wenye siliaki wakiwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyozidi ya wengine kwa takriban asilimia 27, ingawa kwa wastani uzito na shinikizo lao la damu vilikuwa chini kuliko vya wenzao.

Hatua ya 1. Usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazochochewa na gluteni, na aliyekwisha kuiacha anaweza kupata majibu ya kupotosha.

Hatua ya 2. Ondoa mkate, chapati, maandazi, tambi za ngano, bia na sosi ya soya.

Hatua ya 3. Chagua cha kushika nafasi ya ngano. Biskuti na mikate ya dukani isiyo na gluteni mara nyingi hutengenezwa kwa wanga mweupe, mafuta na sukari, huku nyuzinyuzi zikiwa haba. Utumbo unapopona na kuanza kufyonza chakula sawasawa, uzito hupanda upesi. Bidhaa hizo mimi sizinunui kamwe. Ulezi, mtama na dona havina gluteni kwa asili yake, vina nyuzinyuzi, na bei yake haimtishi mtu.

Hatua ya 4. Hakikisha unga wako ni safi. Hatua hii ilitugharimu miezi mitatu, kwani kingamwili za mpwa wangu hazikushuka hata baada ya kuchunguza kila chupa na kila pakiti jikoni. Kosa lilikuwa kwenye uji. Unga wa lishe unaouzwa tayari mara nyingi huchanganywa na ngano, kwa hiyo tulinunua nafaka na kuzipeleka mashineni wenyewe, tusijue kwamba mteja aliyetutangulia alikuwa amesaga ngano na kwamba vumbi lake hubaki ndani ya chekeche na mfuko wa kupokelea unga. Kuwahi asubuhi hakusaidii, kwa sababu mabaki ya jana bado yamo. Kusaga kilo mbili za mwanzo na kuwapa kuku hupunguza tatizo bila kulimaliza, na kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 tu kwa kilo. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, au saga nyumbani kwa kinu chako mwenyewe, njia ninayoipendelea ijapokuwa mikono huuma. Kabla ya kusaga, pepeta na uchague, maana punje za ngano huchanganyika na mtama tangu gunia la sokoni. Jihadhari pia na neno shayiri, ambalo wengine hulitumia kwa nafaka ya kutengenezea bia, ndiyo ninayoimaanisha hapa, na wengine kwa oti. Oti husaidia kushusha lehemu, na wengi wenye siliaki huivumilia ikiwa safi, lakini ile ya kawaida ya dukani huwa imechanganyika na ngano au shayiri. Anayeitaka anunue iliyothibitishwa, kwanza kwa ruhusa ya daktari.

Hatua ya 5. Rudisha foliki asidi, aina mojawapo ya vitamini B. Nchini Tanzania na Kenya viwanda vinatakiwa kuiongeza katika unga wa ngano na wa mahindi, lakini dona ya kujisagia haina nyongeza hiyo. Upungufu wa foliki na vitamini B12 hupandisha homosisteini, kemikali inayotengenezwa na mwili, katika damu, hali inayohusishwa na maradhi ya moyo. Maharage, kunde, choroko na mchicha huleta foliki, nayo B12 hupatikana katika dagaa, mayai na maziwa.

Hatua ya 6. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na dagaa waliotiwa chumvi waoshwe vizuri. Tui zito lipikiwe siku chache tu, si kila siku. Najua watu wa pwani hawatanisamehe.

Hatua ya 7. Kila unaporudi kupimwa kingamwili, omba lehemu, sukari, B12 na foliki zipimwe siku hiyo hiyo, pamoja na shinikizo la damu, kisha andika majibu yote katika daftari moja.