Namna ya kutoka kijiweni bila kumchukia mtu

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na ni mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Vijana wakija kuziba pancha hukaa kwenye benchi langu wakisubiri, na wakikaa huongea. Wengi wanasumbuliwa na jambo moja: anataka kumrudia Mungu kwa dhati, lakini watu aliowazoea wanamvuta nyuma. Huyu ni kubeti, yule ni gongo. Na si vijana tu, wapo akina mama ambao shoga zao wa kikoba wanawaburura kwa waganga kila mume akichelewa kurudi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza na saa, usianze na watu. Wengi wakiokoka huanza kuhesabu marafiki wabaya, na matokeo yake ni fitina mtaa mzima. Chukua karatasi, na kwa wiki moja andika: nilijikuta pale saa ngapi? Nilikuwa natoka wapi? Nilikuwa na hela au sina? Nilikuwa nimekula au nina njaa? Utashangaa. Kishawishi kina saa yake na mahali pake, na mara nyingi ni saa ile ile na mahali pale pale.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na shida hiyo. Kila Jumamosi jioni akishampelekea tajiri hesabu, chenji inabaki mfukoni, na njia ya kurudi nyumbani inampitisha kwenye banda la kubeti ambako wenzake wameshakaa na mikeka yao. Jumatatu asubuhi hakuwa na tatizo lolote, wala Jumatano. Kilichomla ni ile nusu saa. Tukakubaliana mambo mawili: hesabu aitume kwa simu, na kinachobaki akirushe kwa mkewe kabla hajawasha pikipiki. Njia nayo akabadilisha. Ngamiani barabara zetu zimepangwa kwa namba, moja ubavuni mwa nyingine, kwa hiyo ukikwepa hii unapita ile na hupotezi hata dakika tano.

Ukishaijua saa, iombee kwa jina. Sala ya "Bwana nilinde na mabaya yote" ni njema, lakini ongeza: "Bwana, leo saa kumi na mbili jioni nitakuwa na hela mkononi na wenzangu wataniita. Nishike hapo." Yesu aliwaambia wanafunzi, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni. Roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu." Kukesha kunakuja pamoja na kuomba. Karatasi yako ndiyo kukesha kwako.

Kisha soma Zaburi ya 1 taratibu. "Heri mtu yule asiyekwenda katika shauri la wasio haki, wala hakusimama katika njia ya wakosaji, wala hakuketi barazani pa wenye mizaha." Sisi watu wa pwani baraza tunaijua vizuri. Angalia mpangilio wake: mtu anakwenda, anasimama, anaketi. Hakuna aliyeanza kwa kuketi. Alikuwa anapita tu, akasimama kuuliza matokeo ya mechi, akasogezewa kiti. Kwa hiyo pambana wakati bado unapita. Ukishakaa, na kahawa imeshamiminwa, kuinuka ni kazi kubwa mara kumi.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Sisemi Mkristo wa Tanga awakimbie majirani zake Waislamu, wala sisemi baraza zote ni mbaya. Mtaani kwetu wapo wazee wa Kiislamu ambao kijana wangu akikaa nao jioni nzima akicheza bao, nalala usingizi mzito. Na wapo Wakristo wenzangu, tena wanakwaya, ambao nisingependa akae nao hata robo saa. Pima tabia na matunda, usipime kofia.

Sasa, siku ya kuondoka utasema nini? Nimeona vijana wakiharibu hapa kuliko mahali pengine popote. Kijana anasimama mbele ya wenzake na kuwatangazia kwamba wanakwenda jehanamu. Wanamcheka, anakasirika, na baada ya wiki mbili amerudi kwa aibu, safari hii amefungwa zaidi. Usiwahubirie siku unayoondoka. Mwige Danieli kule Babeli. Biblia inasema aliazimu moyoni mwake kwanza, ndipo akaenda kuomba kwa adabu, hakutukana mtu: "Tafadhali utujaribu sisi watumishi wako siku kumi." Nawe sema kwa upole, "Jamani, jioni hizi nina ratiba ya jumuiya, siku kumi hizi msinitegemee." Hakikisha hiyo ratiba ipo kweli, usitoke kwenye dhambi kwa kutumia uongo. Siku kumi zikiisha, omba nyingine kumi.

Ukiwa na deni la kijiweni, lilipe. Deni ndilo linalowarudisha wengi, kwa sababu mwenye kudai ana haki ya kukuita. Lipa kidogo kidogo, tena kwa simu, usipeleke kwa mkono. Vingine viache vipotee: kiti chako, jina lako la utani, ile sifa ya kuwa mjuzi wa mikeka. Yusufu alimwachia mke wa Potifa nguo mkononi, akakimbia, akatoka nje. Hakurudi kuidai.

Simu ni kijiwe kinacholala na wewe kitandani. Lefti magrupu yanayokuchafua, bila maelezo marefu. Grupu la ndugu lenye umbea usilitoke, maana misiba inatangazwa humo, lizime sauti. Programu ya kubeti ukiifuta kwenye simu akaunti inabaki, kwa hiyo omba na akaunti yenyewe ifungwe, halafu zuia zile namba zinazokutumia ofa. Ifanye kazi hii mbele ya mtu. Kijana mmoja aliifanya kwenye benchi langu, na kidole chake kilisimama juu ya kioo muda mrefu kuliko nilioutumia kukwangua tyubu, kupaka gundi na kubandika kiraka. Alipobonyeza alivuta pumzi kama aliyetua gunia. Angekuwa peke yake chumbani, sidhani kama angebonyeza.

Wenye hirizi na dawa za waganga, someni Matendo 19. Watu wa Efeso waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa fedha elfu hamsini. Hawakuviuza, wala hawakumpa jirani avitunze. Mwite mchungaji au mwinjilisti, muombe pamoja, vichomwe siku hiyo hiyo.

Na hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Katika Luka 11 Yesu anaeleza habari ya pepo mchafu aliyemtoka mtu. Anarudi, anaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, anakwenda kuchukua wenzake saba walio waovu kuliko yeye, na hali ya mwisho ya mtu yule inakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Saa uliyoiokoa ukiiacha tupu, italiwa tena. Ijaze kabla hujaondoka kijiweni, usingoje baadaye. Mazoezi ya kwaya ni mazuri, na kama huna sauti, beba spika na upange viti. Nenda hospitali ya Bombo kusalimia wagonjwa wasio na ndugu. Wala si lazima kila jioni iwe ibada: cheza mpira, nenda Raskazone ukaogelee na watoto wako. Na kula. Ninasema kwa uzito, kula. Mtu mwenye njaa saa kumi na mbili jioni hushindwa vita ambayo angeishinda kwa sahani ya mihogo.

Mtafute mtu mmoja anayeijua saa yako. Yakobo anasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Lakini usiungame mbele ya jumuiya nzima kama hujawajua ndimi zao. Mchungaji yupo kwa kazi hiyo, au mzee mmoja mwenye kifua. Mpe ruhusa akupigie simu saa ile ile na kukuuliza, "Uko wapi?"

Ushawishi mbaya mwingine umevaa joho. Mtumishi anayetaka hela kabla ya kukuombea, anayekuambia mama yako ndiye mchawi wako, anayekukataza dawa za hospitali au kukutaka umfiche mwenzi wako mnayoyazungumza, mwondokee kama unavyoondoka kijiweni. "Mtawatambua kwa matunda yao."

Kama anayekuvuta ni mzazi au ndugu mnayelala nyumba moja, huwezi kumhama. Endelea kumheshimu, mpikie, mpeleke hospitali, ila lile jambo lake usiliingie. Kama kuna kipigo, hilo ni jambo jingine. Nenda kituo cha polisi, dawati la jinsia, na asikwambie mtu kwamba imani ni kuvumilia ngumi.

Na kama ni unga, yaani heroini, sala na matibabu viende pamoja. Nchini kwetu tiba ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ilianza hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika mikoani, na nyumba za soba, wanakokaa wanaojitoa kwenye ulevi, zipo pia. Hata anayekunywa gongo kila siku tangu asubuhi asiache ghafla peke yake chumbani. Mwili unaweza kutetemeka mpaka kifafa kikampata. Aende hospitali kwanza.

Utaanguka? Wengine huanguka. Usisubiri Jumapili. Luther alifundisha kwamba ubatizo wetu maana yake ni mtu wa kale ndani yetu kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba. Ni kila siku, si kila mwezi wakati wa Meza ya Bwana. Usiku ule ule tubu, mpigie mtu wako, kisha iandike ile saa kwenye karatasi, maana pengine umegundua kishawishi kina mlango wa pili ambao hukuujua.

Wenzako wa zamani ukikutana nao soko la Mgandini, wasalimie wewe kwanza. Mmoja wao akifiwa, nenda, beba jeneza, kaa matangani. Akiumwa, mchangie. Jioni ikikaribia, aga kwa upole na useme unakokwenda, na mmoja akiuliza kama anaweza kufuatana nawe, ondokeni wote.