Mambo ya kuzingatia kabla ozoni ya mchana haijapanda

Maandalizi ya siku ya ozoni nyingi, gesi chafu inayoumiza njia za hewa, hufanywa asubuhi, au usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ikishafika saa tisa alasiri na kifua kimeanza kubana, kilichobaki ni kukimbilia ndani na kutafuta dawa. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tumezoea kuijua hewa chafu kwa macho: moshi, vumbi, masizi. Ozoni huioni. Inapozidi, mara nyingi nje ni jua kali, mbingu nyeupe na upepo umetulia, siku ambayo mtu angewatoa watoto wakacheze.

Elewa inakotoka, maana ratiba yako yote itasimama juu ya hilo. Magari, viwanda na mitambo ya umeme hutoa oksidi za nitrojeni. Petroli, rangi na viyeyusho hutoa mvuke wa kemikali zenye kaboni. Jua ndilo linalovipika vyote viwili hadi ozoni itokee, na upishi huo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana alfajiri huwa kidogo, hupanda adhuhuri inapokaribia, hufika kileleni alasiri, kisha hushuka jua likizama. Mwanakemia Arie Haagen-Smit ndiye aliyeufumbua mwenendo huu mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipochunguza ukungu mchafu wa Los Angeles. Ozoni hupasua mpira uliovutwa, na wakati ule nyufa hizo zilikuwa njia mojawapo ya kuipima. Nikikumbuka kwamba gesi inayochana mpira ndiyo inayopita kwenye utando laini wa njia za hewa, sihitaji kushawishiwa zaidi.

Usiku, angalia utabiri wa ubora wa hewa wa kesho. Kipimo cha saa moja asubuhi kitakudanganya, kwa kuwa upishi bado haujaanza. Angalia pia kama namba inayotolewa inahusu ozoni au chembe za vumbi na moshi, kwani kinga zake hazifanani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 8 usizidi maikrogramu 100 kwa kila mita moja ya ujazo. Umoja wa Ulaya hutaka umma uarifiwe wastani wa saa moja unapovuka 180, na tahadhari kubwa itolewe unapovuka 240. Wala usidhani kuhamia nje ya mji kunatosha. Karibu na barabara kuu moshi mbichi wa magari huila sehemu ya ozoni, na sehemu za mashambani zilizo upande upepo unakoelekea zinaweza kuwa na nyingi kuliko mjini.

Jambo linalopuuzwa mno ni nguvu unazotumia. Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa kama lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu anaweza kupita lita 60, tena kwa mdomo, bila pua kumsaidia. Katika majaribio, vijana wenye afya njema waliokaa saa 6.6 kwenye chumba chenye ozoni ya sehemu 60 kwa bilioni, wakifanya mazoezi kwa vipindi, walipungukiwa na uwezo wa mapafu. Kiwango hicho kiko chini ya kikomo cha Marekani cha 2015, ambacho ni sehemu 70. Mkimbiaji wa saa kumi jioni hulijua hili mwilini: anataka kuvuta pumzi ndefu, inakatika katikati, kitu kinachoma nyuma ya mfupa wa kifua, kisha kikohozi kikavu. Hudhani amechoka, kumbe neva za njia za hewa zimekataa pumzi iingie yote. Kwa hiyo mechi ya watoto, mbio zako na kazi nzito za wanaofanya kazi juani zisogezwe asubuhi mapema. Kama haziwezi kusogezwa, zipunguzwe na wapewe mapumziko ndani.

Mwenye pumu ana la ziada. Ishike inhela yako leo na uiangalie kwa makini: tarehe ya mwisho wa matumizi, na dozi zilizobaki kama ina kihesabu. Kuitikisa sikioni hakukwambii kitu, kwani inaweza kusikika ina maji ilhali dawa imekwisha. Kaa nayo karibu hata kesho yake, kwa kuwa ozoni huziacha njia za hewa zikiwa na uvimbe, zikikurupuka kwa chavua au vumbi ambalo kwa kawaida usingelijali. Ozoni ikiendelea siku mfululizo, usiamini nafuu ya siku ya tatu au ya nne. Kikohozi na maumivu hupungua kwa kuwa mwili umezoea, lakini madhara ndani yanaweza kuwa yanaendelea.

Barakoa haitakusaidia hapa. Ya kitambaa na hata ile nzito ya kuzuia chembe huipitisha gesi. Kinachosaidia ni nyumba. Funga madirisha kuanzia adhuhuri hadi jua lizame, kisha fungua usiku na alfajiri. Ila chumba kikigeuka tanuri, usimfungie mzee au mtoto humo, joto lenyewe linaua. Tafuta jengo lenye ubaridi kabla ya siku hiyo. Na kifaa kinachouzwa kwa sifa ya kusafisha hewa kwa kutoa ozoni, kizime kabisa.

Andika namba ya dharura mahali ambapo kila mtu nyumbani anaiona. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au dawa ya kuvuta isipompa nafuu, piga hapo hapo.